Kukonda Mbele ya Watu

Mwanasaikolojia aliniuliza swali lake la kwanza akiwa bado anavuta kiti: "Mu familia yenu, nani mutu wa mwisho ulimuona akikonda?"

Sikulitazamia. Nilikuwa nimejiandaa kujibu juu ya bugali, juu ya sukari ninayotia kwenye chai, hata juu ya mikate ninayonunua asubuhi karibu na biro ya chuo na kuimaliza ndani ya gari, madirisha yamefungwa, kabla wenzangu hawajafika. Nilikuwa mwanamke mzima, mwalimu wa chuo, mtu wa majibu. Lakini nilitazama nje, ziwa lilikuwa na rangi ya bati siku hiyo, nikasema, "Papa."

"Alikuwa anagonjwa nini?"

"Karuho."

Hakushtuka. Yeye pia ni wa hapa. Karuho ni ile sumu ya polepole ambayo kwetu kila mtu anaijua na hakuna aliyewahi kuiona. Unapewa katika pombe ya ndizi au kwenye sahani ya maharagi, na anayekupa ni mtu wa karibu, maana mtu wa mbali hali chakula na wewe. Haikuui siku hiyo. Inakukausha. Watu wanakuona unapita barabarani, shati linazidi kuwa kubwa, na kabla hujafa wameshamtaja aliyekupa.

Nilikuwa pale kwa sababu daktari wa sukari alikuwa amenichoka. Magoti yalikuwa yamekataa ngazi, damu ilikuwa na sukari kupita kiasi, na usingizini pumzi ilikuwa inakatika mpaka mama yangu ananitikisa. Kulikuwa na daktari wa upasuaji huko Kigali ambaye angelikata tumbo langu na kuniachia kipande chembamba, mfano wa ndizi moja ndogo. Baada ya hapo ningekula vijiko vichache na kutosheka. Lakini hakubali kumpasua mtu mpaka kwanza akae na mwanasaikolojia, aandaliwe roho. Ndiyo maana kila wiki nilipanda hadi chumba chake kidogo hapa mjini, mtaa wa Ibanda, nikakaa kwenye kiti kisicho na mikono, kwa kuwa viti vyenye mikono vilikuwa vimeanza kunibana.

"Niambie jinsi alikonda," akasema.

Nikamwambia. Papa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule kijijini Miti, mtu mnene mwenye kicheko. Kisha akaanza kuwa na kiu. Alikunywa maji mpaka wanafunzi wakamcheka, akawa anatoka darasani kila mara kwenda kukojoa. Akala kuliko sisi wote na bado akakonda. Kidonda kidogo mguuni kikakataa kupona. Mwishoni macho yakaingia ukungu, na mashavu yakaingia ndani hadi nikaona mahali pa meno kabla hajafungua mdomo.

Nilipomaliza, mwanasaikolojia aliweka kalamu chini. Kisha akasema kwa upole, "Hii habari, uipeleke kwa dokta wako wa sukari. Umwambie vile vile umeniambia."

Nikaipeleka. Daktari aliacha nimalize, akavua miwani. "Maman," akasema, "ile njo sukari. Ni kama yako tu. Yeye hakupata dawa."

Nilitoka nje. Kwa miaka yote ile tulikuwa tumemzika mtu aliyeuawa na dada yake. Maana mama yangu aliamini hivyo: kwamba Papa alikunywa kasiksi, ile pombe ya ndizi, kwa shangazi yangu, na kuanzia siku hiyo hakupona tena, na kwamba sababu ilikuwa shamba la ndizi walilokuwa wakigombania. Baada ya mazishi tulihamia mjini. Hatukurudi Miti ila kwa vifo na harusi, na tukirudi, mama alibeba chakula chetu ndani ya kikapu.

Ni baada ya mazishi hayo ndipo nilipoanza kunenepa. Hilo nililiona katika kile chumba, wiki nyingine, na sikufurahi kuliona. Mama alikuwa akijaza sahani yangu, anakaa mbele yangu, ananitazama mpaka nimalize. "Kula, sha. Bakuone." Nilikula ili nionekane. Kila kilo ilikuwa ushahidi kwamba hakuna aliyenipata. Na baadaye, miaka ambayo mji ulikuwa ukisikia risasi, wengine walilala chini ya vitanda. Mimi nilifungua sufuria.

"Ile unene njo ilikuwa ukuta yako, na sasa unaenda kuibomoa," mwanasaikolojia alisema. "Ukibaki bila ukuta, utafanya nini?"



Mama nilimwambia siku ya Jumamosi, tukiwa tunachambua sombe, majani ya mihogo, jikoni. Anaishi kwangu tangu nilipoanza kazi. Nilimweleza taratibu: daktari, Kigali, tumbo. Nikamweleza pia ya Papa, kwamba ilikuwa sukari. Hilo la pili alilipita kama mtu anayepita mlango uliofungwa. Lile la kwanza ndilo lililomsimamisha, majani yakiwa mkononi.

"Weye unaenda kununua kifo yenye baba yako alipewa bure," akasema.

"Maman, ni dawa."

"Dawa ya kukondesha mutu. Ile njo banaita karuho."

 Jioni aliandaa mezani sahani yangu ya kawaida, mlima wa bugali na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, za kukaanga, akakaa mbele yangu kama zamani. Nilikula robo nikaweka kijiko chini. Tulitazamana juu ya chakula kilichobaki mpaka kikapoa.

Wiki za mwisho kabla ya kupasuliwa, mgonjwa huwekwa kwenye rejime kali ili ini lipungue na daktari apate nafasi ya kufanya kazi. Supu iliyochujwa, maziwa yasiyo na mafuta, maji, basi. Mara moja tu ukikosea kwa chakula kizito, unaweza kuahirishwa. Nilikuwa katika siku hizo ulipokuja mwaliko kutoka Miti: posa ya binti wa shangazi. Mama alisema hatuendi. Mimi nikasema tunaenda. Nilikuwa na ukweli wa daktari kifuani, na nilidhani ukweli huo ungetosha kunisafisha mimi na kumsafisha shangazi kwa kufika tu.

Tulikaa chini ya turubai, kati ya watu wengi. Shangazi alikuwa amezeeka, mwembamba, kitenge kipya kimefungwa vizuri. Wakati wa chakula hakumtuma mtu. Alinijia mwenyewe na sahani: bugali, nyama ya mbuzi, mboga ya lengalenga. Mbele ya wote alimega tonge, akachovya, akala kwanza, kama desturi yetu inavyotaka ili mgeni ajue hakuna kitu. Kisha akaninyooshea kwa mikono miwili.

"Kula, mutoto ya kaka yangu."

Nilisema, "Aksanti, Shangazi. Siwezi kula leo."

Nilikusudia kuongeza neno daktari. Lakini watu wote chini ya turubai waligeuka kututazama kabla neno halijatoka, na nikaona aibu kutangaza tumbo langu mbele ya wakwe. Shangazi alibaki ameshika sahani. Akamega tonge la pili, akalila taratibu, akimeza kwa shida, macho yake kwangu. Bado sikuipokea. Nyuma yangu mwanamke alisema, wala hakunong'ona: "Ata mutoto ya kaka yake anaogopa kula yake."

Mama, pembeni yangu, alikuwa ametulia kabisa. Alikuwa akinywa maji aliyoyatoa mjini.

Habari zilifika baada ya siku chache, kwa simu ya jirani. Watu walikuwa wametupa mawe juu ya bati la shangazi. Posa ilikuwa imesimama. Wakwe walisema watafikiri kwanza. Vijana walikuwa wanakaa barabarani mbele ya lango lake, hawafanyi kitu, wanakaa tu. Kule kwetu tunajua vijana wa namna hiyo. Wanakaa mpaka siku mtu mmoja aseme neno, halafu inakuwa moto.

Mama aliniletea habari hiyo pamoja na kikombe changu cha supu. "Mungu anachelewa," akasema, "lakini anafikaka."

Niliitazama mikono yake, ile iliyonilisha, na nikamwogopa.

Asubuhi iliyofuata nilipanda gari kwenda Miti peke yangu. Kichwani nilikuwa nimeshapanga: nitakaa barazani kwa shangazi, mahali ambapo kila anayepita ataniona, nitakula sahani yake nzima mpaka nilambe vidole, na upasuaji usogezwe kama lazima usogezwe. Vijana walikuwa palepale, wameketi juu ya magunia ya makaa. Mmoja alinisalimia kwa heshima sana. Hiyo heshima ilinitia baridi.

Jiko la shangazi, lile la nje, lilikuwa limelazwa chini, miti na nyasi kama kiota kilichokanyagwa. Yeye alikuwa ndani, ameketi kwenye kitanda.

"Shangazi," nikasema, "nasikia njaa. Unipikie."

Hakuinuka kitandani. "Banasema utapasuliwa."

"Nani alikuambia?"

"Mama yako aliwaambiaka batu. Anasema unaenda Kigali bakutoe ile kitu nilikupatia."

Nilikaa chini. Kitanda kililia.

"Sasa unisikie," akaendelea. "Ukikataa kula, miye ni mulozi. Ukikula leo, utaenda, bakupasule. Kama utakufa kule, nani atasema ni dokta? Na kama hautakufa, utakonda. Batakuona unakonda kama baba yako. Batasema: alikula kwa shangazi yake, tulimuona na macho yetu." Sauti yake haikupanda. "Sitakupikia, mwana wani. Ata maji sitakupatia."

Nilikuwa nimesoma, nimefundisha wengine kufikiri, na sikuwa nimeona kwamba mlango ule umefungwa pande zote mbili. Nilimwuliza kama angekuja kukaa nami mjini. Akacheka kidogo. Angekaa vipi nyumba moja na mama yangu? Na akiondoka Miti, si atakuwa amekimbia? Anayekimbia ameshajihukumu.

"Basi nisipasuliwe," nikasema.

"Na ukikufa na sukari, utakonda vile vile."

Nilirudi kwa mwanasaikolojia. Yeye siku zote alikuwa amenishauri niwaambie watu wachache tu, wale wa kunitunza, kwa sababu maneno ya watu humchosha mgonjwa. Siku hiyo alisikiliza akiwa ameshika paji la uso. Hakunishauri kitu. Aliuliza tu, "Weye mwenyewe unaogopa nini zaidi, kisu ao ile batu bataona kisha?"

Jumapili nilikwenda kwa padri wa Miti kabla ya misa, nikaomba kusema neno wakati wa matangazo. Nilimsihi mama aje, akaja, kwa kudhani labda nimeamua kuacha upasuaji. Shangazi alikuwa amekaa nyuma karibu na mlango. Kanisa lilijaa hadi watu wakasimama, lakini benchi lake lilikuwa na nafasi kila upande.

Sijawahi kuona haya kama siku ile. Mwili wangu nilikuwa nimeuficha maisha yote chini ya vitenge vipana, na sasa nilisimama mbele ya watu walionijua nikiwa mtoto, nikauweka wazi.

"Munanijua," nikasema. "Miye mutoto ya mwalimu. Dokta atanikata tumbo, anibakishie kidogo tu. Sitakula tena kama mutu mukubwa. Nitakonda. Mutaniona nakonda mpaka muogope. Hakuna mutu alinipatia kitu. Ni miye niliomba. Na Papa hakuuawa na mutu. Alikuwa na sukari, na ile sukari iko mu damu yangu pia. Shangazi hana kosa, si kwa Papa, si kwangu."

 Kisha mzee mmoja wa benchi la mbele, mwenye koti, aliinua uso. Hakuwa na hasira. Alitaka kuelewa.

"Mwana wani, kama ni ugonjwa tu, sababu ya nini unaapa?"

Nikatazama. Mkono wangu wa kulia ulikuwa juu. Sikujua niliuinua lini. Niliushusha, na nikaona nyuso zikigeukiana, na nikajua kwamba baadhi walikuwa wameniamini na baadhi walikuwa wameona mtu aliyeogopeshwa mpaka akaja kumtetea aliyemroga.

Mama hakunisubiri. Nilimkuta garini, mkoba magotini. Tulipokaribia mji akasema:

"Umeninyanganya kifo ya bwana yangu."

"Maman, nimesema ile kweli tu."

"Kama ni sukari," akasema, akitazama mbele, "nani alikuwa namupikia? Chai yake, asubuhi na mangaribi, nani alikuwa natia ile sukari? Alikuwa na kiu, nikamupatia fanta. Niliona anapungua, nikamuongezea." Alifungua mkoba, akaufunga. "Ile mwanamuke, nilimuchukia ili nisijiangalie miye mwenyewe."

Nilisimamisha gari kando ya barabara. Nilimwambia sivyo, ugonjwa hauji kwa kijiko cha mke, yeye hakujua, hakuna aliyejua. Niliyasema yote aliyonifundisha daktari. Alitikisa kichwa kama anayekubali ili mtu anyamaze. Tulipofika nyumbani alichukua kopo la sukari kabatini, akaenda kulimwaga nyuma ya nyumba. Mpaka leo halijarudi.

Nilipasuliwa. Nilivuka daraja la Ruzizi kwenda Kigali asubuhi ya ukungu, mama pembeni yangu akiwa na rozari, na kitu cha mwisho nilichokumbuka kwenye meza ya upasuaji hakikuwa chakula. Lilikuwa benchi la shangazi na zile nafasi tupu. Niliamka na maumivu chini ya mbavu na mdomo mkavu. Walinipa kijiko cha maji, na kijiko hicho kilinijaza. Mama aligeuza uso ukutani.

Sasa ninakula kama ndege. Uji mwepesi, yai nusu, samaki aliyepondwa. Natafuna mpaka chakula kinakuwa si kitu. Maji nakunywa mbali na chakula. Nikizidisha tonge moja, mwili wote unatoka jasho na ninatapika. Mama hupika bila kusema neno na hakai tena mbele yangu. Wakati mwingine njaa inakuja, si ya tumbo, ile ya zamani, inakuja mlio wa bunduki unaposikika ng'ambo ya mji, na mkono wangu unatafuta sufuria. Sufuria ipo, ila hakuna mahali pa kutia. Nimejifunza kukaa na hofu bila kuilisha. Hakuna aliyenieleza jinsi ilivyo kubwa.

Sukari katika damu imeshuka, daktari amefurahi. Ngazi ninapanda. Lakini uso unaonitazama kwenye kioo ni wa Papa, mifupa ileile ya mashavu, na hata nikijua sababu yake, kuna asubuhi ninafunika kioo kwa taulo. Kazini wananiombea. Mwenzangu mmoja aliacha kunywa kutoka birika moja na mimi. Alifanya kwa adabu, akaleta chupa yake mwenyewe.

Kila mwezi ninakwenda Miti. Nilijiahidi kwamba watu wataniona: nikitembea, nikicheka, nikibeba mzigo wangu. Nilidhani kila safari itapunguza neno. Posa ya binti yule haikurudi, na binti amekwenda kuishi kwa ndugu zake wengine, upande wa Luhwindja. Jiko la nje halijajengwa tena. Vijana hawakai barabarani kila siku, na hilo ndilo tulilopata. Lakini ninapopita na nguo mpya, ndogo kuliko za mwezi uliopita, ninawasikia wakinyamaza. Safari iliyopita mwanamke muuza ndizi alinishika mkono juu ya kiwiko, akaupima kati ya vidole vyake, akaniambia kwa huruma ya kweli, "Maman, unaisha."

Nilikuta shangazi akiwa uani. Hatuli pamoja. Ninakuja na chupa yangu ya uji, naye anakaa mbali kidogo, mikono ionekane, wakati ninakunywa. Aliniangalia kuanzia miguu mpaka shingo.

"Utaacha lini?" akauliza.

"Kukonda? Dokta anasema bado. Miezi ingine kwanza."

"Bado," akarudia, kama anayeonja neno.

Mvua ilikuwa inajikusanya upande wa Kavumu. Aliinuka, akatazama upande wa barabara walipokuwa wakikaa vijana, akamfungua mbuzi wake, akamwingiza ndani ya nyumba. Akaniambia niende mapema, barabara inaharibika. Nilipokuwa nafungua gari nilimsikia akivuta gogo na kulisimika nyuma ya mlango, na jua lilikuwa bado juu.